Pauni 300 zilivyovuruga bunge la New South Wales

Jamani hii stori ya bunge la New South Wales, koloni la Waingereza kule Australia, haijanitoka kichwani. Mwanzoni mbunge halipwi hata ndururu, sasa mchimba makaa ataachaje kazi aende kukaa Sydney bure? Wakaja kupitisha mshahara mwaka 1889, pauni 300 kwa mwaka, halafu uchaguzi wa 1891 chama kipya cha Labor kikazoa viti 35 kati ya 141, wachimba migodi na mafundi wamo, wakawa ndo wanaamua nani atawale maana si waziri mkuu Parkes si mpinzani wake Dibbs, hakuna aliyetosha peke yake. Oktoba Parkes akajiuzulu. Ila Labor nao bwana! Fasta wakagawanyika, kisa ushuru wa forodha tu.