Mpira Mweusi wa Kadutu

Mwaka 2013, katika ukumbi mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, nilicheza biliadi na kijana aliyesifiwa mtaani kwa kupiga kwa nguvu, huku wateja wakiwa wamepanga jetoni zao, vile vipande vya kulipia mchezo, ukingoni mwa meza kusubiri zamu. Meza ile, kama vitu vingi katika mtaa ule wa mteremko, ilielemea upande wa ziwa, ingawa mwenye ukumbi alikuwa amesukumia vipande vya mbao chini ya miguu yake miwili.

Nilibakiwa na mpira mweusi peke yake. Mwenzangu alikuwa na miwili. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, alikuwa ameuficha nyuma ya mmoja wa mipira yake, na endapo ningekosa kuugusa mweusi angepata mapigo mawili. Watazamaji walinihimiza niinue fimbo niurushe mweupe juu, ushauri ambao ni rahisi kuutoa, kwa maana anayechana kitambaa hukilipia peke yake.

Mzee aliyenifunza mchezo alikuwa amenizoeza, kila njia ya moja kwa moja inapozibwa, kuuwaza mpira ninaoutafuta kana kwamba umekaa ng'ambo ya ukingo, kwa umbali uleule ulio nao ndani ya meza, kisha kuulenga huo wa kuwaziwa. Hesabu hiyo inafaa mpigo wa wastani usio na mzunguko wa pembeni; ukipiga kwa nguvu ukingo hubonyea na mweupe hurudi kwa pembe iliyobana zaidi, ukipiga polepole pembe hupanuka, na juu ya meza ile mpigo wa polepole ulivutwa na mteremko pia. Nilichagua polepole, nikasogeza shabaha upana wa vidole viwili ili kufidia yote mawili.

Shimo sikulitafuta. Mweupe uligonga ukingo wa kushoto, ukaukwaruza mweusi ubavuni, ukaenda kutulia kwenye ukingo wa mwisho, mweusi ukiwa umesimama mbele yake.

Mpira ulioegemea ukingo huiachia fimbo sehemu yake ya juu tu. Kijana aliinua fimbo na kupiga upande wa kulia ili mweupe upinde, lakini kwa kasi aliyoizoea haukupata nafasi ya kupinda, ukaugonga mweusi kabla ya mipira yake, na hilo lilikuwa kosa. Mapigo mawili yakawa yangu: la kwanza liliusogeza mweusi hadi karibu na shimo la kona, la pili likauingiza.

"Mkubwa, huo ni woga," alilalamika, akitoa jetoni nyingine na kudai turudie kwenye meza ya pili, iliyoelemea barabarani.