Siku moja maishani mwangu: bwawa la kijani Mbezi Beach

Saa 11:30 alfajiri. Navaa suruali ya kazi. Ilikuwa bluu ya kuiva, sasa klorini imeila mpaka ina madoa kama chui. Mke wangu haruhusu ianikwe kamba moja na nguo za watoto.

Saa 2:10 asubuhi. Foleni ya Tegeta tuiache. Mlinzi anafungua geti, ananiangalia, anacheka: "Fundi, leo umepatikana." Bwawa la kuogelea lina rangi ya kisamvu. Ngazi ya pili haionekani. Pampu ilikaa wiki mbili bila kufanya kazi, masika haya, majani ya mwarobaini yanadondoka humo mchana na usiku. Fundi umeme kaifufua jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nieleze, jana saa sita mchana nimemwaga klorini, nyingi tu. Mbona hata haijashtuka? Jumamosi mjukuu wangu ana sherehe."

Namweleza taratibu: jua la saa sita linaimaliza klorini ya kawaida ndani ya saa chache. Na iliyobaki imeliwa na majani. Hajaridhika, naona. Hela ya klorini inauma.

Saa 3. Napima. Tone la kupimia klorini halibadilishi rangi kabisa, maana yake hakuna kitu. La pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, linatoa waridi iliyokolea: 8. Hapo klorini ni kama haipo, sehemu kubwa yake inalala tu majini. Nataka 7.2. Natia asidi kwenye ndoo yenye maji (asidi ndiyo inayofuata maji, siyo kinyume chake), naizungusha pembeni mwa bwawa huku pampu inavuta.

Saa 4 hadi saa 7. Brashi. Watu wanadhani kazi yangu ni kumwaga dawa, kumbe ni hii. Ule ukijani wa ukutani ni mwani, una utando, ukiugusa unateleza kama bamia, na klorini inaua wa juu tu. Wa chini wanajificha wanasubiri uondoke. Kwa hiyo nasugua mistari ya saruji kati ya vigae, mmoja mmoja. Nyuma ya ngazi. Kwenye pete ya taa, humo ndimo nimekuta kichaka kizima, laini kama manyoya ya kifaranga. Kila nikisugua, wingu la kijani linapanda na maji yanazidi kutisha. Mama anachungulia dirishani. Najifanya simuoni.

Saa 7:30. Wali maharage kwa mama ntilie. Mlinzi anauliza kwa nini ndoo ya asidi nimeiweka mbali hivyo na ile ya klorini. Namsimulia kijana niliyefanya naye kazi zamani, alitia asidi kwenye ndoo iliyokuwa na mabaki ya klorini. Ule mvuke ulimtoa mbio, akakohoa siku nzima. Tangu hapo kila ndoo yangu nimeiandika kwa rangi.

Saa 9. Chujio la mchanga limejaa, sindano ya geji imepanda. Nazima pampu kwanza, ndipo nageuza valvu (ukiigeuza pampu ikiwa inazunguka, unaivunja), nayarudisha maji kinyume. Kwenye kikombe cha kioo yanapita kama juisi ya parachichi, kisha yanaanza kung'aa.

Saa 12:20 jioni. Jua limeshuka, sasa ndiyo zamu ya klorini. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Kwa ukijani huu natumia kilo moja na nusu ya chenga za klorini ya asilimia 65. Nazikoroga kidogo kidogo kwenye ndoo za maji, upepo ukiwa mgongoni, namwaga nikizunguka. Pampu ikeshe. Mama namwambia kesho asishtuke, maji yatakuwa kijivu kama ya kuoshea mchele: huo ni mzoga wa ukijani, nitakuja na shabu uzame chini niuvute. Na mtu asiingie mpaka nipime.

"Jumamosi je?"

"Tutaona, mama."

Saa 3:40 usiku. Ndiyo kwanza nimekaa kula, simu inaita. Mlinzi.

"Fundi, umeme umekatika."

Namwambia achukue brashi yenye mpini mrefu, asimame ukingoni, ayazungushe maji taratibu. Nasikia anaburuta mpini sakafuni.

"Mpaka saa ngapi?"