Zege Nyuma ya Ukuta

Wapendwa, wiki hii Wagalatia 6:1 haijaniachia: "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole." Kurejeza upya ni kazi ya fundi, na fundi anaweza kuharibu huku akitengeneza. Ushahidi uko Seokguram, Korea Kusini.

Hilo ni pango la ibada la Wabudha katika mlima Toham, Gyeongju, lililoanza kujengwa mwaka 751, enzi ya ufalme wa Silla. Kutoka 20 tunaijua, hakuna anayetumwa kusujudu huko. Ila ufundi ni ufundi, na Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, angeutambua. Buddha aliyeketi humo amechongwa kwa granaiti, kimo chake kama mita 3.5. Granaiti ina punje ngumu; patasi ikienda kwa pupa, kipande kinabanduka na hakirudi. Hata hivyo mikunjo ya vazi kwenye bega la kushoto ni myepesi kama kitambaa kilicholowa. Upana wa uso, kifua, mabega na magoti unakwenda kwa uwiano wa 1:2:3:4. Duara la utukufu halikubandikwa kichwani, liko kwenye ukuta wa nyuma, na kimo chake kinazidi upana kwa sentimita chache, ili anayetazama kutoka chini alione mviringo kamili.

Kuba lilipangwa bila saruji. Kati ya bamba la jiwe na bamba jingine waliingiza jiwe refu lenye kichwa, mkia wake ukizama nje kama kabari. Juu wakafunika kwa udongo na mawe. Maji ya chemchemi yalipita chini, na wataalamu wengi husema ubaridi wake uliuvuta unyevu sakafuni, sanamu ikabaki kavu.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 sehemu ya kuba ilikuwa imeporomoka. Msaada ulihitajika kweli. Kati ya 1913 na 1915, chini ya utawala wa Wajapani, pango lilibomolewa likajengwa upya, na nyuma ya mawe wakamimina zege. Pango likakosa pumzi. Maji yakavuja, 1917 wakazika mabomba juu ya kuba. Yakavuja tena, kati ya 1920 na 1923 wakapaka lami juu ya zege, umande ukazidi ndani. Mawe yakaota kijani, na 1927 wakayaosha kwa mvuke wa moto. Kila dawa ilizaa ugonjwa wake. Leo mitambo ndiyo inayokausha hewa, na waumini wanatazama kupitia kioo.

Wazee wa kanisa, tusikwepe. Binti wa kwaya akianguka dhambini, Jumapili inayofuata jina limeshasomwa, joho limevuliwa, ametengwa na Meza ya Bwana. Akinyamaza, tunaandika kwamba ametubu. Hilo ni zege! Akiacha kuja, tunampelekea barua: lami. Mathayo 18:15 inaanza na "wewe na yeye peke yenu", nasi tunaanzia kwenye kikao cha watu kumi na wawili. Mwanzi uliopondeka Bwana hakuuvunja. Sisi tunaufunga kwa waya na kuushangaa ukioza.

Kabla ya kuziba, tafuta maji yanatoka wapi. Yule tuliyemtenga mwezi uliopita, nani ameshafika kumwuliza analala wapi tangu baba yake amfukuze?