Fildi Hutafutwa Januari: Nilivyoendesha Meza ya Ushauri ya Wanafunzi wa Sayansi

Meza yenyewe ilikuwa daftari kubwa na kompyuta mpakato moja. Kazi yake: mwanafunzi wa kemia au maikrobaiolojia apate nafasi ya fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) ya wiki 8 kati ya Julai na Septemba, na ajue anakwenda kufanya nini. Washauri walikuwa wenzao waliorudi fildi mwaka uliotangulia.

Kila aliyerudi alijaza mstari mmoja: kituo, barua ilijibiwa baada ya siku ngapi, walichukua wangapi, vyumba vya kupanga viko wapi, na wiki ya pili alifanya nini. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na thamani. Wiki ya kwanza kila mahali ni kuzungushwa na kusomewa kanuni za usalama. Ya pili ndiyo inaonyesha kama utashika pipeti (kifaa cha kuvuta na kupima vimiminika) au utatumwa kutoa kopi.

Wengi hukimbilia TBS (shirika la viwango), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mimi niliwaelekeza pia kwenye maabara za mamlaka za maji, ambako klorini na pH (kipimo cha uasidi) hupimwa kila siku, na kwenye viwanda vya sukari kama Kilombero na TPC Moshi. Miezi hiyo miwa inasagwa, kwa hiyo maabara ya kiwanda hailali: briksi ya juisi (kipimo cha utamu wake), unyevu wa makapi ya miwa, zamu hadi usiku. Asiyependa zamu asiende.

Maombi ni barua ya utambulisho ya chuo, barua yako ukurasa mmoja na wasifu ukurasa mmoja, vyote katika faili moja la PDF lenye jina lako. Kosa kubwa ni kuandika "naomba nafasi yoyote". Mkuu wa maabara anagawa watu kwa kazi, basi mwandikie unachojua: titresheni (kupima kiasi cha kemikali kwa kudondosha nyingine), kuotesha bakteria kwenye agari (jeli ya kuwalishia), spektrofotomita (mashine ya kupima kemikali kwa mwanga). Weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Zikipita wiki mbili kimya, piga simu masjala uulize namba ya kumbukumbu ya barua yako. Mara nyingi haijakataliwa, imelala kwenye jalada la idara nyingine.

Mbali na barua kuchelewa, Januari ina sababu nyingine kwa wanaokwenda maabara za hospitali. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu: ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Ukianza Januari unamaliza Julai. Ukianza Juni unashika damu za watu kinga haijakamilika.

Juni tulifanya zoezi moja tu, la mkono. Unavuta kwa pipeti mikrolita 1000 za maji, unayaweka kwenye mizani, unarudia mara 10. Kwa nyuzijoto 25 yanatakiwa yawe karibu gramu 0.997. Anayepata 1.05 amebonyeza kitufe cha pipeti hadi kituo cha pili wakati wa kuvuta, akazoa ziada; kituo hicho ni cha kumwagia tu. Anayepata pungufu ameachia kitufe kwa pupa, hewa ikaingia. Niliwarudisha mezani mpaka tofauti ya kipimo kikubwa na kidogo isizidi gramu 0.01.

Nauli nayo ihesabiwe mapema. Wiki 8 ni siku 40 za kazi. Anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi atalipa mara 160. Kwa hesabu hiyo, chumba cha kupanga karibu na kituo wakati mwingine ni nafuu.

Logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi) ijazwe kila siku kabla hujavua koti la maabara. Inayojazwa Ijumaa kwa mkupuo mhadhiri huitambua: wino mmoja, namba hakuna. "Nilisaidia kupima maji" haisemi kitu. "Sampuli 12, klorini iliyobaki kwa wastani mg 0.3 kwa lita, mbili chini ya 0.2, tulizirudia" inasema. Saini ya msimamizi ichukuliwe kila wiki, maana akienda likizo wiki ya saba hakuna mwingine atakayekubali kusaini kurasa ambazo hakuziona zikijazwa.