Mchele Alioununua Baba Mkubwa kwa Pua

Julai 2012 baba mkubwa alikuja Dar kutibiwa macho. Nilimpokea Ubungo jioni, basi limejaa vumbi la njia ya Kidatu mpaka kwenye vioo, naye ameshika fimbo mkono huu na kuku wa zawadi mkono ule. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia lote, na la kushoto alisema anaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Hospitali ya CCBRT, kule Msasani, walikuwa wamempangia upasuaji, na mpaka siku hiyo ifike angekaa kwangu Magomeni.

Baba mkubwa alizaliwa Ifakara, bonde la Kilombero, na amelima mpunga maisha yake yote. Utotoni tulipelekwa kwake likizo, na mpaka leo nikilisikia jina la Kilombero kinachonijia kwanza ni harufu ya wali unaopaliwa mkaa juu ya kifuniko. Harufu ile ilitufuata mpaka kisimani. Kwa hiyo nilipojua anakuja, nilikuwa na neno moja tu kichwani: mzee ale.

Nilikwenda kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi, nikachukua mchele wa bei ya juu kuliko yote iliyokuwa pale. Mfuko wa kilo tano, mbele picha ya sahani ya wali unaofuka moshi, juu yake maandishi ya rangi ya dhahabu: Kyela, daraja la kwanza. Nikachukua na machungwa ya manjano, makubwa, kila moja na stika yake. Fundo la hela niliyoacha pale kwenye kaunta nalikumbuka vizuri.

Nikakuna nazi, nikachuja tui, nikapika. Mchele ulikuwa mweupe pee, mrefu, hauna chenga wala jiwe. Uliiva ukachambuka punje kwa punje. Lakini nilipofunua sufuria kilichopanda ni nazi peke yake. Wali wenyewe haukuwa na harufu yoyote. Nikautia kinywani: laini, safi, na hauna ladha zaidi ya chumvi niliyoitia mimi.

Baba mkubwa alikula matonge machache, akatafuna polepole, akanawa. "Nimeshiba, mama. Safari imenichosha." Nikamletea chungwa. Akalimenya kwa kisu, akanyonya pande moja, akaliweka kando ya sahani. Ndani lilikuwa makapi matupu.

Uchungu wa chakula kile ninao mpaka leo. Nililipa vile ili mgeni wangu ale, na walichoniuzia ni picha ya wali. Mtu anayefungasha mchele usionukia akauandika Kyela anamwibia mkulima wa Kyela jina lake, na ananiibia mimi chakula cha mzee wangu.

Asubuhi, baada ya chai, aliniita.

"Mama, mchele wa jana umeutoa wapi?"

"Dukani, ba'mkubwa. Wameandika ni wa Kyela."

"Uliuonja?"

"Umefungwa kwenye mfuko. Ningeuonjaje?"

Akafikiri kidogo. "Basi nipeleke kwenye mchele ambao haujafungwa."

Tukachukua bajaji mpaka soko la Tandale. Anayeijua Tandale anajua pale ndipo nafaka inapoteremka: maharage, mahindi, karanga, na mchele uliomwagwa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, umerundikwa juu mpaka umefanya kilele, na kipande cha boksi kimechomekwa katikati. Mbeya. Kyela. Kamsamba. Shinyanga. Moro. Bei chini yake kwa kalamu nene. Nilitaka kumsomea vibao, akanikatiza. "Niongoze tu nisijikwae. Kusoma watasoma wao."

Kwenye meza ya kwanza kijana alituchangamkia. "Shikamoo mzee, karibu, huu ndio Kyela wenyewe." Baba mkubwa akaitikia marahaba, kisha badala ya kugusa ule wa juu akazamisha mkono ndani ya gunia mpaka karibu na kiwiko. Akatoa konzi ya kutoka ndani, akaifunga kiganjani, akaipulizia pumzi ya moto kama mtu anayepasha vidole asubuhi ya baridi. Akafungua kidogo, akaipeleka puani. Akakaa hivyo muda, watu wanatupita na viroba mabegani.

"Una bambo?" akamuuliza yule kijana.

Bambo ni kile chuma chenye uwazi na ncha kali. Ukilichoma gunia lililoshonwa, nafaka ya katikati inateremka yenyewe mkononi. Kijana akasita, akalileta. Baba mkubwa akaomba achome gunia la nyuma, lile ambalo kilele kile kilitokea. Punje zilipoteremka, akaziviringisha kwa kidole gumba, akanigeuzia kiganja. "Nitazamie wewe mwenye macho. Ziko namna ngapi?"

Zilikuwa namna mbili, waziwazi. Nyingine nyembamba, zenye weupe wa maziwa ya jana. Nyingine nene, fupi, nyeupe sana, na doa la chokaa tumboni. Yeye alikuwa ameshazijua kwa kidole.

"Wamechanganya," alisema, bila kupandisha sauti. "Kyela ni wilaya moja, mwanangu. Haiwezi kulisha jiji hili lote peke yake." Akamrudishia kijana mchele wake wote, punje kwa punje, akamshukuru, tukasogea.

Tulipita meza nyingi. Kwa wengine alinusa akaendelea na safari. Kwa mmoja alitafuna punje akaitema pembeni kwa adabu, akiziba mdomo kwa mkono: uvundo, mpunga ulivunwa ukarundikwa mbichi kabla haujakauka. Kwa mwingine alishika chenga nyingi akaniambia nisiwalaumu watu wa mashine. Mpunga ukianikwa kwenye jua kali ukakauka kwa pupa, punje inapasuka kwa ndani. Ikifika kwenye kukobolewa inakatika. Ladha inaweza kuwa nzuri bado, ila wali wake utashikana, na mwenye kuuza anapaswa kushusha bei.

Aliposema "hapa" tulikuwa kwa mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, ameketi nyuma kabisa ya banda, kibao chake kimeandikwa Moro tu. Mchele wake haukuwa mweupe. Ulikuwa na unyevunyevu wa rangi, kama umepakwa samli kidogo, na ulipotoka mkononi uliacha vumbi jepesi la pumba kwenye kiganja. Baba mkubwa alijipangusa kiganja kile shavuni, akacheka.

"Umekobolewa lini huu?"

"Wiki hii, mzee wangu. Umetoka Ifakara na lori la juzi."

"Mbegu gani, Supa?"

"Supa. Saro sina, mzee. Saro inazaa sana, wakulima wanaipenda, lakini wateja wangu wanataka ya kunukia."

Hapo wakaanza kuulizana habari za mvua, za maji ya bonde mwaka ule, za bei shambani, nikawa mimi mgeni. Mama yule akachota kiganja, akanipa nitafune. Punje ililia jinoni, ikakatika safi, halafu kukaja utamu mdogo, na nyuma ya utamu harufu ile. Niliisikia kwa ndani ya pua, mdomo umefumbwa. Nilikuwa sijaisikia tangu likizo za shule ya msingi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba harufu hiyo ina kiini kinachojulikana, wanakemia walikitambua kwenye wali mwaka 1982, na kwamba kitu hichohicho ndicho kinachonukia kwenye bisi zikipasuka. Ni kitu cha kuruka. Mchele ukikaa miezi ghalani baada ya kukobolewa, kinapungua, hata kama ni mchele bora na hata kama jina la gunia ni la kweli. Nikaelewa kwa nini mzee hakuanza kwa kuuliza unatoka wapi. Aliuliza umekobolewa lini, na mifuko ya dukani swali hilo haikulijibu.

Tulinunua kilo kumi. Nje ya soko kulikuwa na mkokoteni wa machungwa ya Muheza, kijani tupu, msimu wenyewe. Nilipita, maana macho yangu yalikuwa bado yanatafuta manjano. Baba mkubwa akanivuta mkono. Akapima moja kiganjani, akaliacha. Akapima jingine dogo, zito, ganda jembamba na laini. Kwetu Pwani na Tanga usiku hauna baridi ya kuitoa ile rangi ya kijani, kwa hiyo chungwa linaiva na kijani chake. Anayengoja ligeuke manjano atangoja bure. Muuzaji akalimenya ganda likatoka kama utepe, akalikata kichwa, akatutilia chumvi na pilipili. Maji yalimtiririka mzee mpaka kwenye kiwiko, naye hakuyafuta.

Jioni alikaa jikoni kwenye kigoda, akinisimamia kwa masikio. Nilipotaka kupima maji kama nilivyozoea, akanizuia. "Huu mpya huu. Bado una maji yake. Ukiutia maji ya mchele wa zamani utapika bokoboko." Nikapunguza. Nikafungua friji kutoa nyanya, akasikia mlango, akauliza nyanya zinatafuta nini huko. Nikamwambia haziozi upesi. Akasema haziozi, ni kweli, na hazinukii pia. Niziache kapuni, ninunue chache, nikapike zikiwa laini. Tangu siku ile friji yangu haijaona nyanya, na ninayemwambia nyumbani kwake ajaribu huwa ananipigia simu mwenyewe.

Wali ulipoanza kukauka nikapalia mkaa juu. Harufu ikatoka. Ilipita pazia la jikoni, ikaenda sebuleni, na mtoto wa mpangaji wa chumba cha mbele akaja kusimama mlangoni akiuliza tunapika nini. Nikamwambia wali. Hakuniamini.

Baba mkubwa alikula sahani ile, akaongeza, akaomba ukoko. Nikamkwangulia sufuria yote. Akautafuna taratibu huku akinisimulia shamba lake la ng'ambo ya mto, na ndege waharibifu, na ni nani katika ndugu zetu siku hizi anaanika vizuri.

Ule mchele wa mfuko sikuutupa. Niliuloweka usiku kucha, nikausaga na nazi na hiliki, nikapika vitumbua. Kwa vitumbua unafaa kabisa, maana hiliki inabeba kazi yote. Siku ya upasuaji baba mkubwa alikwenda navyo Msasani kwenye bakuli la plastiki, akawagawia wenzake waliokuwa wanangoja kwenye benchi la macho.