Mama, kitochi na ndugu watatu ng'ambo: nilivyopunguza gharama za simu hapa Ujiji

Muulize mtu yeyote hapa Ujiji namna ya kupiga simu nje ya nchi bila kufilisika, atakujibu bila hata kugeuza shingo: "Si utumie WhatsApp." Jibu hilo limenikinai. Anayelitoa hakuulizi unampigia nani, yuko nchi gani, wala anayetaka kuongea ana simu ya aina gani. Mama yangu ana kitochi. Kaka yake, mjomba wetu wa Bujumbura, naye ana kitochi. Mdogo wangu wa kike yuko Dubai anasuka nywele, na kaka yetu mkubwa yuko Winnipeg, Kanada. Haya, niambie hapo WhatsApp inaingia wapi.

Nianze na mjomba, maana ndiye aliyekuwa anammaliza mama. Bujumbura ni karibu na sisi kuliko Dodoma, lakini kwa mitandao ya simu ni ng'ambo tu kama China. Namba yake iliandikwa nyuma ya kadi ya kliniki, na mama akaipeleka kwa kijana wa kibanda pale karibu na soko, yule ambaye mtaa mzima unamwita mtaalamu. Mtaalamu akahesabu tarakimu kwa kidole, akatikisa kichwa: "Mama, hii namba haijatimia." Akaongeza sifuri mbele. Haikuita. Akaweka 257, namba ya nchi ya Burundi, akaiacha sifuri yake palepale. Haikuita. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kuchaji simu akasema zamani posta walikuwa wanaanza na sifuri tatu. Zikawekwa sifuri tatu, juu ya sifuri ya mtaalamu. Mwingine akasema huko Burundi labda umeme umekatika. Nilipofika nilikuta mama ameshakata tamaa, anaulizia nauli ya kwenda Manyovu akavuke mpaka kwa miguu.

Namba ilikuwa imetimia. Za Burundi zina tarakimu nane tu baada ya 257, na hazina sifuri ya mbele kama zetu. Nilifuta yote, nikabonyeza nyota mara mbili mpaka alama ya kujumlisha ikatokea (kuna vitochi vingine unashikilia sifuri), nikaweka 257 na zile nane. Mjomba akapokea kabla sijamrudishia mama simu. Mtaalamu akasema hata yeye alikuwa anaelekea huko huko.

Ile alama ya kujumlisha ndiyo siri yenyewe. Kila nchi ina tarakimu zake za kufungulia mlango wa kutoka nje: kwetu mzee hakukosea, ni 000, nchi nyingi ni 00, Marekani na Kanada ni 011. Ukiweka + simu inajua yenyewe mlango wa pale ulipo. Halafu inafuata kodi ya nchi, yaani ile namba yake kama 257, halafu namba ya mtu bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu wa nje akiandika +255 07 na kuendelea, hakupati, na atasema wewe ndiye uliyezima simu.

Kodi zenyewe zina mpangilio, ukiuona hazikusumbui tena. Zinazoanza na 2 karibu zote ni za Afrika, na majirani zetu wamepangwa mstari mmoja: 254 Kenya, 255 sisi, 256 Uganda, 257 Burundi, 258 Msumbiji. Iliyofuata, 259, ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Zanzibar lakini haikutumika, ikabaki pengo. Wenye ndugu Uvira na Kalemie wawe macho: Kongo ya ng'ambo ya ziwa ni 243. 242 ni ya Brazzaville, na huko hakuna anayemjua shangazi yako.

Sasa, mjomba kapatikana, lakini vocha ya elfu mbili inaisha wakiwa bado kwenye salamu, "Amahoro". Mama anaulizia watoto wote, kwa majina, na wajukuu, na yule jirani aliyevunjika mguu. Nikamshauri aanze na shida, salamu zije mwishoni. Alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, nitamwambiaje mtu shida yangu kabla sijajua kama yeye ni mzima?" Basi tukahamia kwenye vifurushi vya kimataifa. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako, lakini soma orodha ya nchi moja moja. Nilikuta kimoja kimeandikwa Afrika Mashariki na Burundi haimo ndani, salio la kawaida likawa linakatwa huku mimi najisifu nimejiunga. Siku hizi wana dakika zao, wanasalimiana mpaka wanachoka, na bado ni nafuu kuliko zamani.

Ya Dubai ndiyo iliyonipa sifa mtaani. Mdogo wangu alipofika kule ujumbe ukawa unafika, picha zinafika, lakini nikimpigia WhatsApp inaita, anapokea, halafu kimya. "Inaunganisha." Inaunganisha mpaka yeye anakata. Ushauri nilioupata ungeweza kujaza daftari. Wa kwanza alisema bando langu ni dogo, nikanunua kubwa. Wa pili akasema nibadilishe laini. Fundi mmoja wa Mwanga akasema simu ina virusi, akaiflashi, nikapoteza picha zote za harusi ya shemeji, na hela akachukua. Jirani akanishauri nipande juu kwenye kilima kufuata mtandao. Nilipanda! Nimesimama juu pale, ziwa lote liko chini yangu, mtandao umejaa mpaka juu, nasikia "kaka, unani..." halafu kimya kilekile.

Kumbe tatizo halikuwa Kigoma hata kidogo. Falme za Kiarabu zinaruhusu simu za intaneti kwa programu zenye leseni ya kule tu, na WhatsApp haimo upande wa kupiga. Ujumbe, picha na sauti za kurekodi zinapita vizuri, sauti ya moja kwa moja hapana. Watu wa Dubai wenyewe wanatumia Botim. Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Gungu aliyekuwa amekuja likizo, alicheka mpaka akashika ukuta. Niliweka Botim kwangu, mdogo wangu akaweka kwake, jioni ileile tukaongea mpaka tukakosa la kusema.

Wapo waliosema niweke VPN, programu ya kuficha uko wapi mtandaoni. Hapana. Sheria za kule zina faini nzito kwa anayejificha nyuma ya VPN kufanya lililokatazwa, na hata hapa kwetu mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka wanaotumia wajisajili. Mtu ameenda kutafuta maisha, umtafutie kesi kwa ajili ya salamu?

Mama hakuipenda Botim, anasema sauti inakuja kwa mawimbi. Anachokipenda ni kurekodi kwenye WhatsApp yangu. Mwanzoni alikuwa anaachia kidole kila akivuta pumzi, mdogo wangu akawa anapokea vipande: "Mwanangu." "Sisi huku." "Yule mbuzi." Nikamwonyesha kutelezesha kidole juu mpaka kwenye kale kakufuli, ndipo mkono ukawa huru. Sasa anakaa na simu mapajani anachambua dagaa huku anahutubia. Mdogo wangu anasikiliza akiwa kwenye basi, anajibu akipata nafasi. MB zinazotumika ni chache mno.

Kitu kingine tunachofanya ni kubipu. Namba ya Dubai ikiita mara moja na kukatika kwenye kitochi cha mama, maana yake mimi niwashe data. Simu isiyopokelewa haikati salio la mtu. Lakini hapo kuna mtego, maana sisi tumelelewa na kubipu, tukiona simu imeita mara moja tunakimbilia kupiga. Wapo matapeli wanaobipu kwa namba za nchi za mbali wakisubiri uwapigie, dakika inakatwa kwa bei ya ajabu na wao wanapata mgao. Kitochi cha mama nimekisevu majina yote, na amri ni moja: namba isiyo na jina na isiyoanza na +255, haipigiwi. Aliyemkosa atatafuta njia.

Kanada nilidhani itakuwa rahisi. Kaka alituma namba inayoanza na 204, na binamu yangu mmoja mwenye haraka akasema hiyo ni ya Afrika hiyo, si inaanza na mbili, akaweka + mbele yake. Kumbe 20 ni Misri. Bahati nzuri haikuunga. 204 ni eneo la Manitoba tu, mbele yake inatakiwa 1, ambayo Kanada wanaitumia pamoja na Marekani na hata Jamaika.

Kaka zamani alikuwa anampigia mama moja kwa moja kwenye kitochi kupitia Skype, anaweka salio lake huko. Skype ikafungwa Mei 2025. Sasa ana Viber Out, inayopiga namba ya kawaida hata kama anayepigiwa hana intaneti, ila dakika ya Tanzania anasema inamuuma, anaitunza kwa dharura. Ya kila wiki ni WhatsApp kwenye simu yangu, Jumapili saa mbili usiku, ambapo kwake ni saa tano asubuhi. Kuanzia Machi hadi Novemba ni saa sita mchana, kwa sababu wao wanasogeza saa mbele. Mama hakubali kwamba saa inasogezwa, anaona kaka ameanza uvivu wa kuamka. Tunaongea sauti tu. Video tunaiwasha mwishoni, mama awaone wajukuu, tunazima. Kwenye mipangilio nimeweka ile ya kutumia data kidogo kwa simu. Bando la wiki linatosha na masalio ya kuangalia mpira.

Na mkisevu namba, hata za hapa hapa nyumbani, wekeni +255. Shemeji alikwenda Manyovu kununua maharage, simu ikashika mtandao wa Burundi bila yeye kujua, akawa anampigia mkewe kwa 07 anaambiwa namba haipo. Alirudi na hasira ameshajiandaa kwa ugomvi. Huko mpakani chagueni mtandao kwa mkono na mzime data ya nje, la sivyo salio litaliwa na ujumbe wa kundi la harusi.

Tangu ya Dubai nimepata wateja. Wanakuja jioni na namba kwenye vikaratasi, hata yule mtaalamu wa kibanda ananielekezea watu. Silipishi, ila mwenye migebuka simkatazi. Ninachoomba ni namba kamili na jina la nchi. Juzi mama mmoja kaja na namba ya mwanawe, nikamuuliza yuko wapi, akasema "Ulaya." Ulaya ipi, mama? "Ya baridi." Bado tunatafuta.