Detekta ya Geita, Maji ya Jambiani

Nimelipishwa mara tatu kabla sijafika Jambiani. Bandarini Dar es Salaam, mtu wa mizigo alikitazama kiroba changu, akauliza kama ndani mna bunduki, kisha akakitoza kama baiskeli. Unguja mjini kijana alinibebea hatua hamsini kwa elfu tano. Kwenye daladala kondakta akasema mzigo ule unakula kiti, nikilipie. Nilipolipa akaurusha juu ya paa, na kiti akampa mama mwenye ndoo ya samaki.

Ndani ya kiroba mlikuwa na detekta, mashine ya kunusa vyuma vilivyofukiwa. Shemeji yangu aliinunua Geita kwa mchimbaji aliyekata tamaa, naye akakata tamaa baada ya miezi mitatu, akanipa badala ya deni langu. Binamu yangu, fundi wa ujenzi Jambiani, ndiye aliyenichochea: wageni wanaogelea na pete zao, wanazipoteza, wanalia, wanaondoka. Tena kuna nyumba kongwe zinavunjwa kila mwezi. Mimi nimekulia Pangani, ambako hakuna mtaa usio na mtu aliyetapeliwa kwa rupia za Mjerumani. Nilijua kabisa. Nikaja.

Binamu alinipa sharti moja: mahali pa kale panapolindwa na Serikali tusipasogelee. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na ukionekana pale na detekta utajieleza polisi. Halafu usiku kucha akanisimulia habari za Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Kila aliporudia hadithi, sarafu ziliongezeka. Mpaka tunazima taa zilikuwa zimefika gunia.

Asubuhi ilikuwa bamvua. Saa nne bahari ilikuwa imekupwa hadi karibu na mwamba, na kinamama wa mwani wameinama kwenye kamba zao, maji magotini. Niliingia na hedifoni masikioni kama rubani. Hatua ya kumi mashine ikaanza kulia, na haikunyamaza tena. Kumbe detekta hutuma nguvu ya sumaku kupitia ile sahani yake, ikisubiri chuma kijibu. Na maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hiyo yanajibu vilevile. Hii yangu ilitengenezwa kusaka punje za dhahabu kwenye nchi kavu, sikio lake jepesi mno. Bahari nzima ilikuwa inaipigia kelele.

Nikaipunguza ukali hadi ikawa karibu kiziwi. Kwa saa tatu nilipata vizibo vya soda kumi na saba, ndoana mbili, chubwi la risasi, na senti tano ya tundu ya Afrika Mashariki iliyolika na chumvi. Pete hakuna. Mama mmoja wa mwani akaniuliza kama nimetumwa kupima kina cha hoteli nyingine. Nilipomwambia natafuta vilivyopotea akacheka, akasema basi nimtafutie bei ya mwani.

Alasiri tukaenda kwenye nyumba. Ya mawe na chokaa, paa limeshaanguka, boriti zimening'inia. Imeuzwa, wiki ijayo inavunjwa, wajenge ya wageni. Kijana aliyeiuza alituruhusu kwa mdomo tu, akaenda zake. Humo ndani kila ukuta ulijibu, maana misumari ya mafundi wa zamani haina idadi. Lakini kizingitini mashine ilitoa sauti nyingine, nzito, ya mahali pamoja. Binamu akashusha sururu.

Dhiraa moja chini tukagonga chungu. Kidogo, kimefunikwa kigae, na kigae kikapasuka. Moyo ulinienda mbio, siwezi kuficha. Ndani mlikuwa na kitambaa cheusi kilichooza, misumari saba, kufuli dogo lililofungwa, na pesa moja ya shaba. Niliifuta kwa kidole. Upande mmoja mizani, na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu: pesa ya Sayyid Barghash, ya 1882, zile zilizohitajika 64 kutimia rupia moja. Nikaifumba kiganjani.

"Hodi hapo."

Bi kizee wa nyumba ya pili, amejitanda kanga, amesimama juani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Vyuma vya zamani tu, bibi. Vilivyopotea."

Akasogea, akachungulia shimo, akatazama chungu. Hakupandisha sauti.

"Hiki hakikupotea, mwanangu. Hili fingo, kinga ya nyumba. Limewekwa."

Binamu yangu, aliyebomoa nyumba nyingi kuliko miaka yake, alikuwa ameshaanza kurudisha misumari, haraka, bila kuambiwa. Mimi nikajitetea kwamba nyumba imeuzwa, na wiki ijayo tingatinga litachimba pale pale.

"Tingatinga litajibu lake. Nyinyi kirejesheni mlikokitoa."

Nikakiinamia chungu na kitambaa chake. Nikafunika kwa vigae.

"Na iliyo mkononi?"

Sijui aliionaje. Niliishusha ndani, ikagonga kufuli, tukafukia. Akatusomea Fatiha, akatuomba tumchotee maji kisimani kwa kuwa tupo na nguvu. Tukachota ndoo nne.

Chumba changu kilikuwa elfu arobaini, feni inazunguka kama inayofikiri, chandarua kina matundu ya kupita kunguru. Sikulala. Nilikuwa naifikiria nyumba yetu ya Pangani, ile tuliyoiuza baba alipofariki ili tugawane. Nilikumbuka kizingiti chake kilivyokuwa cha baridi mchana, tukikilalia kifudifudi, na bibi akitufukuza: hapo si pa kulala. Hakusema kwa nini.

Saa tatu usiku nikampigia mama.

"Kwetu lilikuwapo fingo?"

"Lilikuwapo. Chini ya kizingiti. Na kitovu chako kipo upande wa kulia."

"Mbona hukutuambia tulipouza?"

"Mlikuwa mnahesabu," akasema, kisha akauliza kama huku nimepata samaki wazuri.

Asubuhi kondakta ni yule yule. Akataka hela ya kiti cha mzigo. Nikamlipa, nikaikalisha detekta dirishani, nikasimama kando yake nimeushika mpini hadi mjini, na aliyetaka kukaa akaambiwa pana mtu.